Kompyuta ya gemu Kasansa: kwanza soketi, kadi baadaye

Kompyuta ya mezani ya kuchezea gemu ina sehemu saba zinazolipiwa: prosesa, ubao mama ambao mafundi huuita madabodi, ramu, diski, kadi ya grafiki, pawa saplai na boksi la kuzibeba zote. Monita, kibodi na mausi huhesabiwa pembeni. Mnunuzi wa Dar es Salaam mwenye fedha ya kutosha huchagua kadi ya grafiki kwanza, kisha vilivyobaki vikaifuata. Mwanafunzi wa Kasansa akifuata mpangilio huo ataumia. Kata yake imo katika Halmashauri ya Mpimbwe, wilayani Mlele, kwenye Bonde la Rukwa ambako fedha ya nyumbani hutoka zaidi kwenye mpunga na huja kwa msimu. Kifaa kilichonunuliwa Kariakoo humfikia kwa basi hadi Mpanda, kisha kikashuka kupitia Sitalike, Kibaoni na Majimoto. Kikifika kimekufa, nauli na siku za kukirudisha humeza nafuu yote iliyopatikana dukani. Kwa hiyo swali la kwanza ni soketi ya ukutani inatoa nini, la pili ni kifaa gani fundi wa Mpanda anaweza kukibadilisha, na kadi huja baada ya hayo.

Kwa miaka mingi Mpanda iliwashwa kwa majenereta ya dizeli, mbali na gridi ya taifa, mpaka ulipokuja mradi wa njia ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga. Vijijini umeme umesambazwa chini ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA, na mwananchi huunganishwa kwa shilingi 27,000. Nguzo kufika ni jambo moja, umeme kutulia ni lingine. Kijiji kilicho mwisho wa laini ndefu hupata volti zinazopanda na kushuka: mashine za kukoboa zikiwaka pamoja taa hufifia, zikizimwa ghafla volti huruka juu ya zile 230 zilizoandikwa kwenye vifaa. Balbu huvumilia. Pawa saplai ya bei rahisi haivumilii, na ikiungua mara nyingi huondoka na ubao mama.

Cha ajabu, bili yenyewe si kikwazo kikubwa. Kompyuta inayokula wati 250 wakati wa gemu, ikichezwa saa nne, humaliza uniti moja. Mteja mdogo wa nyumbani, aliye kwenye kundi la uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Zinazozidi hapo hutozwa 350. Saa nne kila siku ni uniti 30 kwa mwezi, yaani shilingi 3,000. Mtego uko kwenye zile 75: nyumba yenye friji na televisheni, ikiongezewa 30 za gemu, inaweza kuvuka mstari, na hapo mama mwenye nyumba ndiye wa kwanza kugundua kwamba Luku inaisha haraka. Kadi inayokula wati 75 badala ya 185 ina maana kwenye mfuko kwa sababu hiyo, hata kabla ya kufikiria joto la bondeni mwezi wa Oktoba.

Kinachostahili fedha mapema ni UPS yenye kirekebisha volti ndani yake. Hapa maandishi ya kwenye boksi huwapotosha wengi. UPS ya VA 650 si ya wati 650. Kwa kawaida hubeba wati 360 hadi 390. Kazi yake ni kunyoosha volti na kumpa mchezaji dakika chache za kuhifadhi na kuzima. Kuendeleza mechi gizani si kazi yake. Ikiwa kompyuta na monita kwa pamoja hazivuki wati 250, UPS ya ukubwa huo inatosha. Zikivuka, lazima inunuliwe kubwa zaidi, na gharama hiyo ni sehemu ya bei ya kadi hata kama muuza kadi hakuitaja.

Wenye sola wapige hesabu yao wenyewe. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini betri ya maji au ya jeli ikinyonywa zaidi ya nusu kila siku hufa mapema, hivyo zinabaki 600. Inveta nayo hupoteza kiasi. Kompyuta na monita za wati 150 zitacheza saa tatu na nusu hivi, kisha nyumba ilale bila taa. Kwa nyumba ya namna hiyo kompyuta mpakato iliyotumika ina akili zaidi, hata kama gemu zake zitakuwa chache.

Pawa saplai husomwa kwenye lebo yake, na wanaoisoma ni wachache. Ubavuni huandikwa kwa herufi kubwa wati 500. Chini yake kuna jedwali dogo lenye safu ya volti 12, na hapo ndipo ukweli ulipo, kwa kuwa prosesa na kadi ya grafiki hulishwa na safu hiyo. Ikisema ampea 18, zidisha kwa 12: ni wati 216. Zile nyingine zimeandikwa kwa ajili ya mnunuzi. Chapa ya 80 Plus, mpango ulioanza mwaka 2004, ni dalili njema ikiwa haikubandikwa tu na mchapaji wa stika. Uzito nao husema kitu: saplai ya kweli ina koili na vipoozi vya chuma ndani, ya uongo huinuliwa kwa vidole viwili.

Nyuma ya baadhi ya saplai za zamani, karibu na tundu la waya, kuna swichi ndogo nyekundu inayosukumwa kwa bisibisi. Upande mmoja imeandikwa 115, upande wa pili 230. Mashine iliyotoka Marekani inaweza kuwa imeachwa kwenye 115. Ikichomekwa Tanzania katika hali hiyo hutoa mlio mmoja kama wa fataki, harufu, na basi. Kuitazama swichi hiyo kabla ya kuchomeka huchukua sekunde mbili.

Baada ya umeme linafuata shina la kompyuta yenyewe, na hapa mwaka 2025 ulileta bahati ambayo haikupangwa kwa ajili ya Kasansa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Windows 11 inadai kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Ofisi za Ulaya na Marekani zina mashine chungu nzima za kizazi cha 6 na cha 7 ambazo hazina kosa lolote isipokuwa kuzaliwa mapema, na mashine za namna hiyo ndizo zinazoishia kwenye maduka ya mitumba: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ndani yake tayari mna prosesa, ubao mama, ramu, diski, saplai na boksi. Sehemu sita kati ya saba hununuliwa kwa mkupuo, zikiwa zimeunganishwa na kiwanda na kujaribiwa kwa miaka. Kwa bajeti ya mwanafunzi hakuna kompyuta ya kuunganisha upya, sehemu moja moja, inayoweza kushindana na hilo.

Namba ya kizazi husomwa kwenye jina la prosesa. Core i5-6500 ni ya kizazi cha 6, ina viini vinne. Core i5-8500 ni ya cha 8, ina viini sita, inakubali Windows 11. Tofauti ya bei ikiwa ndogo, ya 8 ichukuliwe bila kujiuliza. Ikiwa kubwa, ya 6 bado inacheza, na kuna njia ya pembeni: Linux pamoja na Proton, zana ambayo Valve iliitoa mwaka 2018 ili gemu za Windows ziendeshwe ndani ya Linux. Njia hiyo huzibwa na gemu za mashindano zenye mlinzi mkali dhidi ya udanganyifu. Valorant haifunguki humo kabisa, wala Fortnite. Mwanafunzi anayetaka hizo mbili hana njia ya mkato, anunue ya 8.

Ukubwa wa boksi huamua mengi kuliko namba ya prosesa. Mashine hizi huja kwa maumbo matatu. Lile dogo kabisa, linalotosha mkononi kama kitabu kinene, halina pa kuweka kadi ya grafiki ya kawaida. Ni zuri kwa ofisi ya kijiji na si kwa gemu. La kati, jembamba, hukubali kadi fupi tu zenye bamba nusu. Kubwa, la mnara, hukubali kadi ya kawaida. Muuzaji huwa na yale membamba kwa wingi kwa sababu hupakika vizuri kwenye kontena, na mnunuzi asiyejua huondoka nalo, kisha akakuta kadi aliyotumiwa na binamu haingii. Aidha saplai za mashine hizi mara nyingi ni za wati 180 hadi 240 na plagi zake si za kawaida. Dell na HP hutumia zao. Ikiungua, fundi wa Mpanda hawezi kuchomeka yoyote iliyoko rafuni. Atahitaji ya aina ileile au adapta ya waya. Hapa mnara una faida ya pili, kwa kuwa una nafasi ya kurekebishia.

Mipaka hiyo ndiyo inayoichagua kadi ya grafiki. Tundu la PCIe kwenye ubao mama hutoa hadi wati 75 bila waya wa ziada. Kadi inayoishi ndani ya wati hizo haihitaji kubadilisha saplai, na familia yenyewe ni ndogo. GTX 1050 Ti ilitoka Oktoba 2016 kwa dola 139, GTX 1650 Aprili 2019 kwa dola 149, zote zikiwa na gigabaiti 4. Kati ya hizo mbili, 1650 ndiyo ya kutafutwa, na si kwa kasi pekee. Nvidia ilipanga Oktoba 2025 kuwa mwisho wa kuitolea familia ya 1050 Ti draiva mpya za gemu, ikibakiza masahihisho ya usalama hadi Oktoba 2028. 1650 ni ya familia iliyofuata na bado inahudumiwa. Ununuzi wa 1650 uwe wa ile isiyo na tundu la waya ubavuni, maana baadhi ya viwanda viliiongezea nguvu na tundu lake. AMD ina RX 6400 ya Januari 2022, inayokula wati 53 tu. Ni tamu kwa hesabu ya umeme, lakini ina njia nne tu za mawasiliano, na kwenye mashine za kizazi cha 6 hadi cha 8, ambazo PCIe yake ni ya toleo la 3, hupungukiwa pale gemu inapojaza kumbukumbu yake.

RX 580 ya mwaka 2017 ndiyo kishawishi kikubwa. Gigabaiti 8, bei ya kutupa, kasi inayoziacha mbali zote zilizotajwa. Inakula wati 185, inadai saplai mpya na UPS kubwa, na nyingi zilizoko sokoni zimepitia kazi ya kuchimba sarafu za mtandaoni, usiku na mchana kwa miaka. Kwa mwanafunzi wa Mbezi anayeweza kurudi dukani kesho yake, ni kamari inayoeleweka. Kwa wa Kasansa si kamari, ni mchango kwa muuzaji.

Udanganyifu kwenye kadi una mbinu inayojulikana. Kadi ya zamani, kama GTS 450 ya mwaka 2010, huandikwa programu mpya ndani yake na kompyuta ikaisoma kuwa GTX 1050 Ti. Windows huamini. Programu ya bure ya GPU-Z, tangu toleo la 2.12 la mwaka 2018, huitambua na kuandika neno la kuonya mbele ya jina. Bila programu hiyo macho yanaweza kusaidia: 1050 Ti haitoi picha ya VGA kabisa, hivyo yenye tundu la bluu la pini 15 ni ya bandia, hata iwe na boksi linalong'aa namna gani.

Tundu hilo la bluu ndilo linalowakwaza pia upande wa monita. Monita nyingi za mitumba zina VGA tu, kadi ya kweli haina. Kibadilishi kinachotoka HDMI kwenda VGA lazima kiwe na chipu ndani. Waya mtupu wa kuunganisha plagi hizo mbili hautoi picha. Monita ndogo isidharauliwe. Yenye nukta 1366 kwa 768 ina nukta milioni 1.05, ya 1920 kwa 1080 ina milioni 2.07. Kadi dhaifu ikiendesha ile ya kwanza hufanya kazi nusu, na gemu iliyokuwa ikikwama hutiririka. Monita kubwa inunuliwe siku kadi itakapobadilishwa.

Ipo njia isiyo na kadi kabisa. AMD Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021 ina viini sita na grafiki ndani ya prosesa. Ni ghali kwa mwanzo kwa kuwa hudai ubao mama na ramu mpya, ila ina kitu kimoja pungufu cha kuharibika na inakula umeme kidogo. Siri yake ni ramu. Grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake, huazima ya kompyuta, na njia ya kuazimia ndiyo kasi yake. Kipande kimoja cha DDR4-3200 hupitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Viwili vilivyopachikwa kwenye matundu yanayolingana hupitisha 51.2. Gigabaiti 16 kwa vipande viwili vya 8 na gigabaiti 16 kwa kipande kimoja ni bei karibu ileile, na ni kompyuta mbili tofauti. Wauzaji hupenda kuweka kimoja, wakisema kingine kitaongezwa baadaye. Baadaye hiyo imekuwa ghali: mwishoni mwa 2025 bei ya ramu ilipaa duniani kote kwa sababu vituo vya akili mnemba vilinyakua uzalishaji, na Desemba mwaka huohuo Micron ilitangaza kuachana na Crucial, chapa yake ya kuuzia watu wa kawaida. Mashine ya mitumba iliyokuja na ramu yake ndani imepata thamani zaidi kwa hilo. Ramu ya DDR3 na ya DDR4 haziingiliani, pengo la katikati liko mahali tofauti. Anayelazimisha huvunja tundu.

Diski ya kuzunguka hubaki kwa kuhifadhia. Windows na gemu moja mbili zikae kwenye SSD, ambayo ya aina ya SATA husoma megabaiti 500 na ushee kwa sekunde. SSD za terabaiti mbili zinazouzwa kwa bei ya chakula cha mchana ni kadi ndogo ya kumbukumbu iliyogundishwa ndani ya ganda. Programu ya H2testw huijaza na kuisoma tena, na ikifika mwisho wa ukweli wake husema.

Gemu yenyewe ni mzigo ambao orodha za sehemu huusahau. GTA V hudai zaidi ya gigabaiti 100, Counter-Strike 2 hudai 85. Kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, gigabaiti 100 huchukua saa 22 bila kukatika, na bando la simu halikubuniwa kwa ajili hiyo. Mwanafunzi aliye kampasi, iwe MUST ya Mbeya au kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine iliyo humohumo Mpimbwe, ana njia nyingine: tangu mwaka 2023 duka la gemu la Steam huruhusu kompyuta mbili zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani kupeana faili za gemu, alimradi kila mmoja ana leseni yake. Diski ya nje hufanya kazi ileile kwa waliopishana likizo. Na zipo gemu ambazo hazidai chochote kati ya haya. GTA San Andreas, iliyofika kwenye kompyuta mwaka 2005, haifiki gigabaiti 5, na PES 2013 huchezeka kwenye grafiki ya ndani ya i5 ya kizazi cha 6. Anayetaka hizo tu hahitaji kadi, na fedha ya kadi iende kwenye UPS.

Fedha yenyewe huja kwa vipindi. Mwenye mkopo wa elimu ya juu hupewa shilingi 10,000 kwa siku ya chakula na malazi, bumu la siku 60 likiwa 600,000, na wapo wanaolibadilisha lote kuwa kadi kisha wakaishi kwa kudoea. Mpangilio unaovumilika ni kununua mashine ya mnara na UPS kwanza, ikatumika kwa masomo na gemu nyepesi muhula mzima. Kadi ya wati 75 huingia muhula unaofuata kwa kufungua skrubu mbili, bila kubadilisha kitu kingine.

Mashine ikishapatikana, ijaribiwe dukani kwa nusu saa ikiwa inaendesha gemu, na si kwa kuonyeshwa tu picha ya Windows. Wakati wa safari kadi ing'olewe kwenye tundu lake, ifungwe peke yake kwa nguo na kubebwa mkononi, kwa sababu njiani gari hurusha mzigo, na kadi nzito iliyoning'inia hupasua tundu la PCIe. Ikifika, ifunguliwe na kuangaliwa kama kipoozi cha prosesa bado kimekaza, ndipo ichomekwe. Vumbi lipulizwe kila baada ya miezi mitatu wakati wa kiangazi, feni ikiwa imezuiwa kwa kidole isizunguke. Mvua za Novemba zikianza na radi kusikika upande wa Ziwa Rukwa, waya wa ukutani uchomolewe kabisa, pamoja na ule wa antena ikiwa monita ni televisheni. UPS haizuii radi.